MAJUMBA YA SENEMA YA ZAMANI NA WATU WALIOYAZUNGUKA



Kila mwaka, baada ya hesabu ya fedha na majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, kitabu hiki huacha kurasa chache kwa habari za kale. Mwaka huu tumeona vema kuandika juu ya majumba ya senema ya zamani, na magari ya senema yaliyotufikia sisi tuliokaa mbali na majumba hayo, pamoja na mitaa na viwanja vilivyoyazunguka. Twajua ya kuwa baadhi ya wazee watashangaa. Watauliza: Je, senema ni historia? Si upuzi wa vijana tu? Jawabu letu ni kwamba historia si vita na mikataba peke yake. Mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali walikutana usiku, wakacheka pamoja na kuogopa pamoja, ni mahali penye historia, hata ikiwa hapakuwa na kitu ila kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye nguzo mbili.

SENEMA ILIVYOINGIA NCHINI

Nairobi ilikuwa bado mji mchanga ilipopata jumba la Theatre Royal mwaka 1912, katika barabara iliyokuja kuitwa Delamere, nayo leo ni Kenyatta Avenue. Jumba hilo ndilo ambalo baadaye watu walilijua kwa jina la Cameo. Mwaka huo huo wa 1912 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusimamia michezo ya jukwaani na maonyesho ya senema. Basi jumba la kutazamia na sheria ya kuchunga macho ya watazamaji vilizaliwa mwaka mmoja. Chini ya usimamizi wa namna hiyo filamu iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Watawala waliogopa ya kwamba Mwafrika akimwona Mzungu ndani ya picha akiiba, akilewa au akipigwa ngumi, heshima ya utawala itapungua.

Huko Unguja mambo yalikuwa na sura nyingine. Royal Theatre ya Vuga ilifunguliwa mwaka 1921, na katika visiwa vile watu wa rangi mbalimbali waliingia jumba moja; kilichowatenga ni bei ya kiti. Jumba hilo, ambalo baadaye liliitwa Majestic, liliungua mwaka 1953 na kujengwa upya mwaka 1955. Twalitaja ili msomaji aone ya kwamba ubaguzi wa Nairobi haukuwa tabia ya senema yenyewe. Ulikuwa tabia ya mji.

Serikali na wafadhili wake walipotaka Waafrika watazame, walitaka kwanza kuwafundisha. Mwaka 1935 ulianza mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja Notcutt na Bwana Latham, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Walitengeneza filamu juu ya kodi, juu ya safura, juu ya kuweka akiba katika benki ya posta, na mengine ya jinsi hiyo. Sauti haikuwamo katika mkanda. Iliwekwa katika sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Lori lao lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mpango huo ulikoma mwaka 1937.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 iliundwa huko London idara iliyoitwa Colonial Film Unit, na mwongozi wake alikuwa Bwana William Sellers. Yeye alishika imani ya kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo kila jambo lionyeshwe polepole, bila kuruka. Idara hiyo ilivunjwa mwaka 1955. Wazee waliozitazama filamu za namna ile watatuambia wenyewe kama walishindwa kuzielewa, au kama walizielewa sana mpaka zikawachosha. Mtu anayeweza kumtambua ng'ombe wake mmoja katika kundi la mia tatu, kwa mabaka na kwa mwendo, hakuhitaji kufundishwa kutumia macho.

GARI LA SENEMA KATIKA KAJIADO NA MAGADI

Twaja sasa nyumbani. Mji wa Magadi ulizaliwa na kiwanda. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na katika miaka ile ya 1910 ilijengwa reli ya kutoka Konza, kupita Kajiado, mpaka ziwani, ili magadi yapelekwe bandari ya Mombasa. Hivyo katika bonde lenye joto kali, ambako kabla ya hapo palikuwa na wafugaji na mifugo yao, walikusanyika watu wa makabila mengi kufanya kazi kwa zamu. Mchana jua la Magadi halimwachii mtu nafasi ya starehe. Maisha ya mji huanza jua linapozama na upepo kupita juu ya ziwa. Mahali kama hapo kitambaa cheupe chini ya nyota kilikuwa jumba tosha. Kuta zingezuia upepo bure.

Kwa ajili ya vijana wetu wasioiona, yatupasa kueleza jinsi senema ya gari ilivyokuwa. Gari lilifika mchana, na kipaza sauti juu yake kikapita sokoni na majumbani kutangaza ya kwamba leo usiku kuna senema, na ya kuwa ni bure. Tangu hapo hakuna mtoto aliyefanya kazi yake sawasawa. Jua lilipokuchwa, watu wa gari walitandaza kitambaa, wakaweka mashini ya kuonyeshea picha juu ya meza, na jenereta wakaiweka mbali kidogo ili kelele yake isimeze maneno. Watoto walikaa chini mbele kabisa. Kina mama walikaa ubavuni na watoto wachanga migongoni. Wazee walikuja na vigoda vyao na shuka zao, wakakaa nyuma, kama watu waliopita njia tu na kusimama kidogo. Lakini hawakuondoka mpaka mwisho.

Uwanda wa Kajiado una upepo. Kitambaa kilipovimba, na uso wa mchezaji ulivimba pamoja nacho, na watu wakacheka mahali ambapo picha yenyewe ilikuwa ya huzuni. Wadudu waliufuata mwali wa taa, na vivuli vyao vikapita juu ya kitambaa wakubwa kama ndege. Waliokosa nafasi mbele walikaa upande wa nyuma wa kitambaa. Huko picha ilionekana vilevile, isipokuwa maandishi yalisomeka kinyume na kila mtu alitumia mkono wa kushoto. Mkanda mmoja ulipokwisha palikuwa na giza la dakika chache wakati wa kuweka mwingine, na katika giza hilo ndipo habari za vijiji zilipobadilishwa: nani ameoa, mvua imenyesha wapi, ng'ombe wanauzwa bei gani.

Mtu mkubwa kuliko wote usiku ule alikuwa mfasiri. Alisimama na kipaza sauti karibu na mashini, akaeleza kwa Kiswahili, na mahali pengine kwa Kimaasai, yale yaliyosemwa kwa Kiingereza. Mfasiri mzuri hakufasiri tu. Aliongeza, alionya, alimpa mchezaji jina la mtu wa mtaani, na mara nyingine alitengeneza hadithi iliyo bora kuliko ile ya filamu. Kazi hiyo haikufa pamoja na gari la senema. Vijana wetu leo humsikiliza DJ Afro akizisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili cha mitaani, na huko Tanzania watu walimjua sana Lufufu kwa kazi kama hiyo. Wengine hudhani ni jambo jipya. Wazee wetu walilijua jambo hilo zamani, wakiwa wameketi vigodani.

Baadaye magari ya makampuni yalifuata ya serikali. Katikati ya picha yalitia matangazo ya sabuni na siagi na dawa za meno. Sisi tulio katika miaka ya thelathini leo tuliwahi mwisho mwisho wa mambo hayo tukiwa watoto. Baada yake tukaona vibanda vya video, vyenye mabenchi ya mbao, mapazia ya gunia dirishani na televisheni moja ndogo juu kabisa karibu na dari. Havikuwa na fahari, lakini navyo vilikuwa shule ya watoto wengi, ya mema na ya mabaya.

MAJUMBA YA NAIROBI

Watu wetu waliokwenda Nairobi kwa kazi, kwa masomo, au baada ya kuuza ng'ombe, walizikuta senema za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya majumba ya ustawi katika mitaa ya Waafrika, kama Memorial Hall ya Pumwani na jumba la Kaloleni. Humo zilikuwamo senema, ngoma, ndondi, na mikutano. Jumba la Kaloleni lilipewa na watu jina la Bunge, kwa sababu ya siasa iliyozungumzwa ndani yake. Mtu aliweza kuingia kutazama picha Jumamosi, na Jumapili akarudi kwenye kiti kile kile kusikiliza hotuba. Twaomba wanachama wayafikiri hayo, kwa kuwa vyama vingi vya ustawi kama hiki chetu vilizoea kukutana katika kumbi za namna hiyo.

Ya pili ni majumba makubwa: Cameo, Kenya, Odeon, Globe, na Shan ya Ngara ambako familia za Kihindi zilijaa siku za Jumapili. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 milango iliyokuwa imefungwa kwa rangi ikafunguka, ikabaki kufuli ya bei ya tiketi. Filamu za Kihindi zilipendwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Awara ya mwaka 1951, Mother India ya mwaka 1957, na Sholay ya mwaka 1975 zilieleweka kwa machozi na kwa nyimbo. Halafu akaja Bruce Lee na Enter the Dragon ya mwaka 1973, na hapo kila kichochoro kikawa na mwalimu wa kareti.

Lakini jumba la senema halikuwa kuta na viti peke yake. Nje yake palikuwa na mji mdogo uliokula kwa jasho la mlango ule: muuza karanga na karatasi zake za kupindwa, mchoma mahindi, muuza kahawa mwenye kupiga vikombe, mng'arisha viatu, kijana aliyenunua tiketi mapema ili aziuze kwa bei ya juu, na mbandika picha za matangazo aliyejua wiki moja mbele ya wengine ni filamu ipi inakuja. Taa za jumba zilipozimwa kabisa, watu hao wote walikosa ujira. Hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa watu wa Kitengela, Isinya na Kajiado, jumba la karibu zaidi njiani halikuwa jumba hata kidogo. Ni Bellevue Drive-In, kando ya barabara ya Mombasa. Watu waliingia na motokaa, wakatundika kipaza sauti kidogo dirishani, wakatazama picha kubwa kutoka vitini mwao, na familia zilichukua chakula katika vikapu na mablanketi kwa ajili ya watoto. Upande wa Thika palikuwa na nyingine, Fox Drive-In. Asiyekuwa na motokaa alisimama nje ya ua akatazama picha isiyo na sauti, akatunga maneno mwenyewe. Waliosafiri usiku kurudi nyumbani waliona kutoka barabarani uso wa mtu, mkubwa kama nyumba, ukinena bila kusikika, kisha giza la uwanda likawameza tena.

KUFIFIA KWAKE

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya wachache. Kilichoyadhoofisha zaidi majumba ni kanda za video zilizoenea katika miaka ya 1980, na baada yake sahani za kidijitali, na sasa simu ya mkononi ambamo kila mtu ana jumba lake la kiti kimoja. Thamani ya viwanja ilipanda, na mwenye kiwanja alipiga hesabu. Shan ya Ngara ilipata bahati. Imekuwa Sarakasi Dome, mahali pa wasanii. Huko Dar es Salaam uwanja wa Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966 ndipo ulipojengwa ubalozi wa Marekani. Majumba mengine yakawa maduka, mengine makanisa, mengine vumbi.

Jambo la ajabu ni kwamba majina hayakufa. Utingo wa matatu huita "Odeon!" na "Globe!", na abiria hushuka bila kuuliza. Mzunguko wa barabara wa Globe umebeba jina la senema, na mtaa wa Drive-In upande wa Thika vivyo hivyo. Na kila mwanachama wetu anayetoka Kitengela kwenda mjini hupita Bellevue. Vijana wengi hutamka neno hilo kila siku bila kujua ya kuwa hapo palikuwa na kitambaa cheupe, na kwamba babu zao waliwahi kusimama nje ya ua wake.

SISI TULIOTAZAMWA

Liko jambo moja ambalo limetugusa kuliko yote, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Nchi yetu ya Kajiado imetazamwa na dunia tangu zamani. Mwaka 1951 ilitoka filamu ya Kiingereza Where No Vultures Fly, iliyoongozwa na Harry Watt, na sehemu zake zilipigwa Amboseli. Watu wa London waliiona nyika yetu katika jumba la fahari, na jamaa ya kifalme ikihudhuria. Mwaka 2005 ilitoka The Constant Gardener, iliyoongozwa na Fernando Meirelles wa Brazil, kutokana na kitabu cha John le Carré. Ziwa lililoonekana mwishoni ni Magadi yetu, lakini katika hadithi liliitwa Turkana. Hatusemi ya kwamba ni kosa. Senema ndivyo ifanyavyo. Twasema tu ya kuwa ziwa letu limekwenda duniani kwa jina la ziwa jingine.

Katika mwaka 1992 binti wa nchi hii, Anne Mungai, alitoa filamu Saikati, juu ya msichana wa Kimaasai anayetaka kusoma, naye anakimbilia Nairobi ili asiozwe. Hapo walau aliyeshika kamera alikuwa Mkenya, na shauri lililozungumzwa lilikuwa shauri letu, tena lingali moto katika manyatta na katika mabaraza yetu.

Basi picha zetu zilipigwa na wengine, zikapewa majina na wengine. Upande mmoja tu ndio uliobaki mikononi mwetu, nao ni kumbukumbu za waliotazama. Wenye filamu waliandika gharama zao na faida zao. Serikali iliandika hesabu za watu waliokusanywa na mambo waliyofundishwa. Yale yaliyopita katika moyo wa mchungaji mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alipoona bahari kwa mara ya kwanza juu ya kitambaa huko Kajiado, hakuna afisi inayoyaweka. Yeye ndiye mwenye nayo, na leo ana mvi.

OMBI LETU

Daftari la Chama lina jina la kila mwanachama, tarehe aliyoingia, michango aliyotoa, na siku familia yake ilipopokea fedha za mazishi. Hayo ni ya haki, nasi twayatunza kwa uaminifu. Lakini mzee anapozikwa, daftari hilo halituambii aliona nini katika maisha yake. Penye wazee haliharibiki neno. Nao wazee wanapungua kila mwaka, kama kurasa za mwanzo za kitabu hiki zinavyoonyesha.

Kwa hiyo twawaomba wazee wetu, waume kwa wake, wa Magadi, Kajiado, Isinya, Kitengela na kwingineko, watusimulie. Gari la senema lilisimama uwanja gani? Mfasiri alikuwa nani, na alisema lugha gani? Tiketi ya Nairobi iligharimu senti ngapi, na mlango upi mlikatazwa kuingia? Nani aliuza karanga mlangoni? Atakayependa kusema kwa Kimaasai au Kikamba au kwa lugha yake yoyote, aseme. Wako vijana wetu wa kuandika na kufasiri. Vijana nao twawaomba wasimkatize mzee anapokosea mwaka, maana miaka twaweza kuitafuta wenyewe, lakini uso wa mfasiri hatuwezi.

Masimulizi yatapokewa katika kila mkutano wa kawaida, kabla ya shauri la michango, na yatakayokusanywa yatasomwa mbele ya wanachama wote ili yasahihishwe na waliokuwapo. 

Ni sisi watumishi wenu,
Afisi ya Uandishi wa Chama